Kagua Mvua Ambayo Haijanyesha

Siku nne kabla ya bwawa namba 3 la Buffalo Creek kupasuka, mkaguzi wa serikali ya shirikisho ya Marekani alilipitia na kusema hali yake inaridhisha. Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1972, katika kaunti ya Logan, jimbo la West Virginia, bwawa hilo, ambalo tuta lake lilikuwa mabaki ya makaa ya mawe yaliyorundikwa tu, liliachia mita za ujazo zipatazo 500,000 za maji meusi kwenye bonde jembamba lenye makazi 16 ya wachimbaji. Watu 125 walikufa, zaidi ya 1,100 walijeruhiwa, na katika wakazi wapatao 5,000 wa bonde lile zaidi ya 4,000 walibaki bila makazi. Ni rahisi kusema kwamba mkaguzi alizembea. Lakini kisa kile kinatisha zaidi tukichukulia kwamba hakuzembea: kwamba alifika, akatazama, akakuta tuta limesimama na maji yametulia, akasema alichokiona. Alikagua bwawa la siku ile. Lililoua watu ni bwawa la siku nne baadaye, mvua ilipokwisha kunyesha na maji kupanda hadi ukingoni.

Kutokana na tofauti hiyo ya siku nne natoa hoja moja tu. Anayekagua mifereji, mabwawa ya kutuamishia tope na marundo ya taka kwenye mgodi wa makaa hakutumwa kueleza jinsi mambo yalivyo siku aliyofika. Ametumwa aseme kama yatahimili mvua ambayo bado haijanyesha. Ukaguzi usiojibu swali hilo, hata ukiwa na fomu zilizojazwa vizuri na mihuri iliyokaa sawa, ni maelezo ya hali ya hewa ya jana. Na kwa kuwa Tanzania sasa inachimba makaa kwa wingi, swali hilo limekwisha kuwa letu.

Makaa hayachimbwi bila kuvuruga njia za maji. Katika mgodi wa wazi, udongo wa juu huondolewa pamoja na majani na mizizi iliyokuwa ikiipunguzia mvua kasi. Mwamba uliofunika makaa hulipuliwa na kusogezwa pembeni, ukawa kifusi, kile ambacho wachimbaji wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa hukiita magwangala. Makaa nayo huchambuliwa, pengine huoshwa, na kinachobaki ni mawe machafu na tope jeusi. Mvua iliyokuwa ikizama ardhini polepole sasa inateleza juu ya ardhi tupu, inakokota chembe, inapenya kwenye mawe yaliyovunjika na kugusa madini ambayo hayakuwahi kukutana na hewa tangu yalipofukiwa. Mojawapo ni pairiti, muungano wa chuma na salfa: ikipata hewa na maji hutoa tindikali, na kijito kinachoipokea hubakiwa na utando wa rangi ya chungwa juu ya mawe yake. Kwa hiyo mfereji, bwawa na rundo vyote ni vituo vya safari moja ya maji. Kifusi kikiporomoka, mfereji unaziba. Mfereji ukiziba, maji yanaingia kwenye rundo au yanafika bwawani kwa wingi usiotarajiwa. Bwawa likifurika, tuta lake ndilo linalojaribiwa. Mkaguzi anayejaza fomu tatu kwa vitu vitatu, bila kuutembea mkondo kuanzia juu ya mteremko hadi kwenye mto wanakoteka maji wanakijiji, anaweza kutoa alama nzuri kwenye kila fomu na bado asiwe ameuona mgodi.

Tuanze na mifereji, maana ndiko maji yanakoanzia. Mgodi unaojali huwa na mifereji ya aina mbili. Ya juu hukinga maji safi yanayoshuka kutoka mlimani na kuyazungusha yasiingie eneo la uchimbaji. Ya chini hukusanya maji yaliyokwisha kuchafuka na kuyapeleka bwawani. Kila lita ya maji safi inayoruhusiwa kuchanganyika na machafu ni lita ya ziada ambayo bwawa litalazimika kuibeba. Mwezi wa Agosti mifereji yote miwili huwa mikavu na yenye kupendeza, lakini mkaguzi mwenye jicho husoma ndani yake kumbukumbu ya msimu uliopita: mstari wa nyasi kavu na takataka ulionasa kwenye kingo unaonyesha maji yalipanda hadi wapi, mchanga uliolala kwenye sakafu unasema maji yalikwenda polepole mno, kingo zilizoliwa na mawe yaliyong'olewa yanasema yalikwenda kwa kasi mno. Kalavati lililojaa tope hadi nusu halipitishi hata nusu ya maji yaliyokusudiwa, kwa sababu nafasi iliyobaki ni finyu na maji hukwaruzana na kuta zake zaidi. Huhitaji kusubiri mafuriko ili ujue kwamba halitatosha. Kanda ya kupimia na hesabu ya dakika 10 vinatosha.

Hesabu hiyo lazima ilinganishwe na mvua fulani iliyotajwa kwa namba. Wahandisi huzungumzia, kwa mfano, mvua ya saa 24 ya miaka 10, yaani mvua ambayo uwezekano wa kufikiwa au kupitwa katika mwaka wowote ni mmoja katika kumi. Wengi wakisikia maneno hayo hudhani mvua hiyo ikinyesha mwaka huu basi tumepumzika kwa miaka tisa. Sivyo. Kila mwaka kura hupigwa upya. Mgodi utakaofanya kazi kwa miaka 20 una uwezekano wa karibu asilimia 88 wa kuipata mvua hiyo angalau mara moja, na hata mvua ya miaka 100, ambayo huonekana kama hadithi ya mababu, ina uwezekano wa asilimia 18 kuukuta mgodi huohuo ungali wazi. Hapo ndipo usemi wa mvua ambayo haijanyesha unapoacha kuwa fumbo. Mvua hiyo haina tarehe, lakini ina kiasi, na kiasi hicho kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu ya ukaguzi.

Bwawa la tope lina hila yake. Kwa macho, bwawa tulivu lenye maji mengi huonekana kama bwawa linalofanya kazi. Lakini kazi yake ni kuyachelewesha maji hadi chembe zizame, na chembe hazizami kwa mwendo mmoja. Kipenyo kikipungua mara 10, mwendo wa kuzama hupungua mara 100. Chembe ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya milimita hushuka mita moja kwa takriban dakika mbili; ya sehemu ya mia huchukua kama saa tatu; ya ufinyanzi, yenye sehemu ya elfu, huhitaji siku 13 hivi za maji yaliyotulia kabisa. Chembe za makaa ni nyepesi kuliko mchanga, kwa hiyo hukawia zaidi. Sasa fikiria bwawa lililoundwa lishike maji kwa saa 24, ambalo nusu ya kina chake imekwisha kujaa tope: muda wa kutuama umepungua kwa nusu, na mvua ikija kwa nguvu hulikoroga tope la zamani na kulisafirisha pamoja na jipya. Uso wa bwawa hauonyeshi lolote kati ya hayo. Ndiyo maana kipimo muhimu kuliko vyote hapo ni kina cha tope, si kina cha maji, na ndiyo maana mabwawa yaliyosimamiwa vizuri huwa na nguzo yenye alama inayosema: tope likifika hapa, lizolewe. Mkaguzi asiyeikuta nguzo hiyo, na ambaye hakupewa mti mrefu wa kuchovya, amekagua kioo.

Kisha lipo tuta lenyewe. Maji yanayoliua tuta hupita njia mbili, juu yake au ndani yake. Ya juu huzuiwa na utoro, ule mkondo ulioachwa makusudi ili maji ya ziada yatoke bila kulivuka tuta. Bwawa la Buffalo Creek halikuwa na utoro wa maana. Lilikuwa na bomba la kutolea maji ambalo halikuweza kushindana na mvua ya siku kadhaa, ingawa mvua yenyewe haikuwa ya ajabu kwa msimu ule. Ya ndani hujitangaza kwa michirizi kwenye kitako cha tuta, na hapa ndipo uzoefu unapotenganisha mkaguzi na mpita njia. Mchirizi wa maji meupe yasiyobadilika wingi unaweza kuwa jambo la kawaida. Mchirizi ulioanza kutoa maji yenye tope unamaanisha kwamba tuta linaliwa kwa ndani, chembe kwa chembe, na siku zake zinahesabika. Na mchirizi uliokauka ghafla, ambao mgeni angeufurahia, huenda ndio wa kutia hofu kuliko yote: maji hayajaondoka, njia yake imeziba, na sasa yanapanda ndani ya tuta kutafuta pengine pa kutokea. Hali hizi tatu hazitambuliki kwa ziara moja. Zinahitaji kipimo cha leo kiwekwe kando ya cha mwezi uliopita na cha mwaka jana, kwa hiyo daftari la vipimo lina thamani kubwa kuliko macho makali.

Rundo la taka ndilo huonekana la kudumu kuliko vyote, kwa sababu ni kavu kwa juu na ni zito. Uzito huo ndio uliowapoteza watu wa Aberfan, Wales. Rundo namba 7 la mgodi wa Merthyr Vale lilianza kumwagwa mwaka 1958 juu ya mteremko wenye chemchemi, na chemchemi hizo zilikuwa kwenye ramani. Lilikuwa limekwisha kuteleza mwaka 1963, kama rundo jirani lilivyoteleza mwaka 1944. Maofisa wa halmashauri walikuwa wameandika barua kuonya kuhusu tope la makaa lililokuwa likimwagwa juu ya shule. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, wafanyakazi wa zamu walipanda wakakuta kilele kimetitia takriban mita tatu na reli za kusombea taka zimeanguka shimoni. Robo saa hivi baada ya saa tatu, zaidi ya mita za ujazo 100,000 ziliteleza, na sehemu yake ikaifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Waliokufa walikuwa 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi chini ya Jaji Edmund Davies lilikaa siku 76, likasikiliza mashahidi 136, na kuitwika Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe lawama. Jambo la kujifunza kwa mkaguzi ni kwamba hakuna siri iliyofichuliwa Aberfan. Chemchemi zilijulikana, mitelezo ilionekana, barua zilipokelewa. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuziunganisha dalili hizo na mvua ya vuli iliyokuwa njiani, kwa sababu hapakuwa na sera wala utaratibu wa kukagua marundo. Mgodi ulikaguliwa chini ya ardhi, walikokuwa wachimbaji. Rundo lilikuwa juu, waliko watoto.

Sisi Waswahili tuna methali ya ufa na ukuta, na mara nyingi hutajwa kwenye semina za usalama. Kwenye rundo la taka methali hiyo inaweza kupotosha. Ufa unaojitokeza juu ya rundo, sambamba na ukingo, hauzibwi kwa kijiko cha tingatinga. Ukizibwa hivyo, kilichofutwa ni dalili, na maji yaliyousababisha yamebaki palepale chini. Kazi ya mkaguzi ni kuupima upana, kuupigia vigingi pande zote mbili, kurudi baada ya siku chache aone kama vigingi vimeachana, kisha kushuka kwenye kitako cha rundo atafute uvimbe, unyevu na miti iliyoanza kuinama. Akinusa harufu ya salfa au akiona mvuke ukifuka alfajiri, ajue rundo linaungua kwa ndani, na rundo linaloungua huacha mapango ambayo mvua itayapata. Methali ibaki kwa nyumba. Kwa rundo, kwanza yatoe maji.

Nchi zilizolipia mafunzo haya kwa maiti ziliyaandika kwenye sheria, na maneno ya sheria hizo yanaonyesha kwamba zilikuja kuelewa suala la wakati. Uingereza ilitunga sheria ya marundo ya migodi mwaka 1969. Marekani ilipitisha sheria ya uchimbaji wa wazi tarehe 3 Agosti 1977, ikaagiza ukaguzi wa sehemu kila mwezi na ukaguzi kamili kila robo mwaka, bila mgodi kupewa taarifa. Kanuni za usalama migodini nchini humo zinataka mabwawa makubwa ya taka za makaa yaangaliwe kila baada ya siku zisizozidi 7, na rundo lijengwe kwa matabaka yasiyozidi takriban sentimita 60, kila moja likishindiliwa, kwenye mteremko usiozidi nyuzi 27. Vipimo vya maji yanayotoka bwawani navyo vimezingatia dhoruba: siku ya kawaida chembe zinazoelea zisizidi miligramu 70 kwa lita, na katika mvua kubwa kipimo hugeuka kuwa mililita 0.5 ya tope linalotuama kwa kila lita. Lakini kifungu ninachokiona kuwa na hekima kuliko vyote ni kidogo na hakitajwi sana: mifereji ya mawe inayolazwa chini ya rundo ili kuyatoa maji lazima ipigwe picha za rangi wakati wa ujenzi na baada yake, kabla haijafunikwa. Aliyeandika kifungu hicho alijua kwamba sehemu muhimu kuliko zote za rundo huonekana kwa siku chache tu, na kwamba mkaguzi atakayekuja mwaka wa tano hatakuwa na njia nyingine ya kujua kama zilijengwa au zilichorwa tu.

Yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza na la kale ni kwamba mvua ni amri ya Mungu. Kampuni iliyomiliki bwawa la Buffalo Creek ilitumia maneno ya aina hiyo baada ya maafa. Muumini anaweza kulijibu pingamizi hili kwa heshima: mvua ni ya Mungu, urefu wa tuta ni wa mhandisi, na ruhusa ya kulijaza ni ya ofisi fulani yenye anwani. Mvua inayokadirika kwa takwimu haiwezi kuitwa ghafla kwa sababu tu hakuna aliyezifungua takwimu.

La pili ni gharama. Mwekezaji atasema kwamba kuzoa tope, kutandaza mawe kwenye mifereji na kushindilia rundo kwa matabaka kunapandisha bei ya tani, na makaa yana ushindani. Ni kweli kunapandisha. Ila gharama isipolipwa mgodini haitoweki, inahamia kwa mtu mwingine. Baada ya Aberfan, marundo yaliyobaki yaliondolewa, na paundi 150,000 za kazi hiyo zilichukuliwa kwenye mfuko wa rambirambi uliochangiwa kwa ajili ya familia zilizofiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, miaka 31 baada ya maafa, bila riba. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa nani hulipa pale mwenye mgodi anapobana matumizi. Mfereji usiosafishwa ni mkopo, na anayedaiwa ni anayeishi bondeni.

La tatu ni la kitaalamu: mgodi una wahandisi wake na cheti cha uthabiti, kwa nini serikali irudie kazi? Wahandisi wa mgodi ndio wanaolijua tuta kuliko mgeni yeyote, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba cheti hulipiwa na anayekihitaji. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la taka za chuma la Brumadinho, Brazili, lilibomoka na kuua watu 270, na mwaka uliotangulia lilikuwa limepewa cheti cha uthabiti na kampuni ya nje yenye jina kubwa. Cheti kinapaswa kuwa mwanzo wa maswali ya mkaguzi: kilikadiria mvua gani, kiwango gani cha maji ndani ya tuta, na je, vipimo vya mwezi huu bado vimo ndani ya makadirio hayo? Vivyo hivyo kwa wanaosema kwamba droni na picha za setilaiti zitachukua nafasi ya mguu. Zinasaidia sana kuona rundo linavyosogea, nami nazipigia debe. Lakini hazichovyi mti kwenye tope wala hazitofautishi mchirizi mweupe na ule ulioanza kuchafuka chini ya kichaka.

La nne ni letu: migodi yetu ni michanga na nchi yetu haijapata Aberfan. Ni kweli, na tushukuru. Lakini marundo huua yakikua, na wakati wa kuyakagua ni yakiwa bado madogo, mawe ya chini yakingali yanaonekana. Pia tumekwisha kupewa onyo. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likatapakaa hadi kwenye mashamba na makazi. Hakuna kifo kilichoripotiwa. Almasi si makaa, lakini tope halijui lilitokana na nini.

Makaa yetu yako kusini: Kiwira, Mchuchuma, na hasa Ngaka wilayani Mbinga, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011. Viwanda vya saruji viliyahitaji, kisha vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vikapandisha bei duniani, na malori yakajaa barabara ya kutoka Songea kwenda bandari ya Mtwara. Bei ikipanda, rundo hupanda nalo, mara nyingi kwa kasi kuliko mfereji unavyopanuliwa. Jiografia ya huko nayo haitoi nafasi ya uzembe. Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika kati ya Aprili na Mei, kwa hiyo karibu maji yote ya mwaka huja ndani ya miezi michache. Bonde la Ruhuhu humwaga maji yake Ziwa Nyasa, ziwa lenye aina nyingi za samaki kuliko jingine lolote duniani, na kwa watu wa Lituhi na Manda samaki hao, usipa na mbasa, ni chakula cha kila siku. Tope jembamba lisilozama kwa siku 13 lina muda wa kutosha kusafiri.

Msimu mmoja wa mvua hurahisisha ratiba. Mkaguzi afike mara tatu kwa mwaka, kila mara na swali lake. Oktoba aulize: je, mifereji imesafishwa, tope limezolewa, utoro uko wazi, na namba ya mvua inayotarajiwa imeandikwa? Januari au Februari arudi bila taarifa, mvua ikinyesha, na kutazama maji yenyewe yanapita wapi. Siku hiyo ya matope, ambayo madereva hawaipendi, ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Mei aje kupima kilichoharibika na kuagiza marekebisho kabla fedha za mwaka hazijaelekezwa kwingine. Utaratibu huo hauhitaji sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, Tume ya Madini ipo, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira ipo, bodi ya maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ipo, na takwimu za mvua ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kinachosumbua ni kwamba kila ofisi hushika kipande chake cha mkondo: moja leseni, nyingine cheti cha mazingira, nyingine kibali cha maji. Maofisa wa ofisi hizo wakipanda gari moja siku moja, wakaanzia mlimani na kuishia mtoni, wataona mgodi mmoja badala ya mafaili matatu.

Wakaguzi hawatoshi, hilo litasemwa, na ni kweli. Basi waongezewe macho. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 humruhusu raia ambaye taarifa yake imesababisha ukaguzi aandamane na mkaguzi ndani ya mgodi, na ripoti za ukaguzi ni mali ya umma. Mama anayefua mtoni kila Jumamosi anajua maji yalianza kubadilika rangi wiki gani. Mwenye shamba chini ya rundo anajua chemchemi ipi imekauka. Hao ndio wenye daftari refu kuliko la ofisi yoyote, ingawa halijaandikwa. Serikali ya kijiji ipewe nakala ya ripoti kwa Kiswahili, yenye picha, na nguzo ya tope isomwe na mwenyekiti wa kitongoji kama anavyosoma mita ya maji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa diwani, mwandishi wa habari au mkazi wa bonde lenye mgodi, usiulize kama mgodi ulikaguliwa. Jibu litakuwa ndiyo, na la Buffalo Creek lilikuwa ndiyo. Omba ripoti, ufungue ukurasa wa kwanza, utafute namba moja: milimita ngapi za mvua kwa saa 24 ambazo mifereji hii, bwawa hili na rundo hili vimepimwa kuzihimili. Kama namba haipo, ukaguzi haujafanyika.